Uchore jedwali au usichore? Mwongozo wa mafumbo ya kupanga makundi

Mafumbo ya makundi yana sura moja: umepewa majina, umepewa makundi, umepewa masharti, na unatakiwa kusema nani yuko wapi. Kwa kuwa sura ni moja, wengi wetu tukiona majina na makundi mkono unakimbilia rula, na sharti la tatu halijasomwa jedwali limeshachorwa. Mara nyingine jedwali hilo linafungua fumbo lote. Mara nyingine linakula muda, linajaza karatasi alama za X, na ukimaliza kulijaza hujui zaidi ya ulichokijua mwanzo.

Waliolazimika kulijua hili vizuri ni watahiniwa wa LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada. Kwa miaka mingi mtihani huo ulikuwa na sehemu nzima ya mafumbo ya aina hii: mafumbo 4 kwa dakika 35. Ukigawa, kila fumbo lina dakika 8 na sekunde 45, na humo humo usome, uchore na ujibu maswali matano, sita au saba. Sehemu hiyo iliondolewa kuanzia Agosti 2024, lakini mafumbo yake ya zamani bado ni mazoezi mazuri, na ndugu zake wapo kwenye mitihani ya ajira za benki ya India na kwenye kurasa za chemsha bongo za magazeti. Mwenye dakika nane hana nafasi ya kuchora kitu kisha akakifuta. Kwa hiyo uamuzi wa nini kichorwe unafanyika kabla ya kuchora, na ndio uamuzi tutakaoujadili hapa.

Hatua ya 1: Uliza jina moja linaingia mara ngapi

Soma fumbo lote huku kalamu ikiwa mezani. Unatafuta jambo moja: jina likishaingia kundi moja, linaruhusiwa kuingia na la pili?

Kama haliruhusiwi, yaani kila mtu ana mahali pamoja tu, jedwali la vema na X halina kazi kubwa. Ukiweka vema moja mbele ya jina, visanduku vingine vyote vya mstari huo vinajaa X vyenyewe. Umeandika alama tatu au nne kueleza jambo moja.

Kama linaruhusiwa, mambo yanageuka. Vema kwenye kisanduku kimoja haisemi lolote kuhusu kisanduku cha jirani. Kila kisanduku kinakuwa swali linalojitegemea, lenye ndiyo yake na hapana yake, na swali lisilo na mahali pa kuandikiwa jibu utalibeba kichwani. Vichwa vyetu havibebi maswali kumi na mawili kwa mpigo. Hapo jedwali linastahili wino.

Maneno ya masharti yenyewe yatakuonyesha njia. Ukikuta "angalau kimoja", "mmoja au zaidi", "hawana hata kimoja wanachofanana", "anauza vingi kuliko fulani", jua majina yanajirudia, jedwali linanukia. Ukikuta "kila mmoja anapanda gari moja" au "kila mwanafunzi yuko kwenye kundi moja tu", weka rula pembeni.

Hatua ya 2: Jumlisha nafasi

Maneno yakikuchanganya, hesabu haitakuchanganya. Jumlisha ukubwa wa makundi yote kisha ulinganishe na idadi ya majina.

Nafasi zikilingana na majina, na fumbo limesema kila mtu lazima apate nafasi, hakuna anayejirudia. Tumia safu: andika jina la kila kundi, na mbele yake vistari kulingana na nafasi zake. Nafasi zikizidi majina, kuna mtu anaingia mara mbili, chora jedwali. Nafasi zikipungua, kuna mtu anabaki nje. Ongeza safu ya "nje", na uwe tayari kwa mishale tutakayofika mbele.

Chukua mfano huu. Wageni saba wanasafirishwa kwenda ukumbi wa harusi: Fatuma, Gasto, Hawa, Idi, Kassim, Lulu na Mwajuma. Bajaji inachukua wawili, teksi wawili, Noah watatu, na kila mgeni lazima apate usafiri. Hawa na Idi lazima wapande chombo kimoja. Kassim na Lulu nao lazima wapande chombo kimoja. Mwajuma hapandi Noah.

Mbili na mbili na tatu ni saba, na wageni ni saba. Basi tunaandika hivi:

Bajaji: __ __
Teksi: __ __
Noah: __ __ __

Tazama sasa fumbo linavyojifungua. Mwajuma yuko kwenye chombo cha watu wawili, iwe bajaji au teksi. Amebakiza kiti kimoja pembeni yake. Hawa hawezi kukaa hapo, maana Idi atakosa pa kukaa. Kassim na Lulu vivyo hivyo. Kwa hiyo jirani wa Mwajuma ni Fatuma au Gasto, hakuna mwingine. Chombo cha pili chenye viti viwili kinachukua jozi moja nzima, na Noah inachukua jozi iliyobaki pamoja na yule kati ya Fatuma na Gasto aliyekosa kiti kwa Mwajuma. Bila sharti hata moja linalowataja Fatuma na Gasto, umejua kwamba hawawezi kupanda pamoja, na kwamba mmoja wao lazima awe kwenye Noah. Mipango yote inayowezekana ni minane tu.

Sasa jaribu kulifanya hilo kwa jedwali. Majina saba kwa vyombo vitatu ni visanduku 21, na mwisho wake utakuwa na vema 7 na X 14. Ila shida kubwa si wingi wa X. Sharti la "Hawa na Idi pamoja" halina kisanduku cha kuandikwa. Kisanduku kinajua kusema "Hawa, teksi, ndiyo" au "Hawa, teksi, hapana". Hakijui kusema "Hawa popote alipo Idi". Masharti ya nani yuko na nani yanataka vistari vilivyo jirani, uone kiti kimoja kilichobaki na watu wawili wasioweza kutengana. Kwenye safu unaliona hilo kwa macho. Kwenye jedwali unalitafuta.

Kuna hali moja inayovunja kanuni hii, na ni vizuri kuitaja mapema. Kila mtu anaweza kuwa na mahali pamoja tu, lakini masharti karibu yote yakawa ya kukanusha: Fatuma hapandi bajaji, Gasto hapandi Noah, Idi hapandi teksi wala bajaji, na kuendelea. Hapo safu tupu zinakaa tupu, kwa sababu "hapana" hazina mahali pa kukaa. Jedwali linazipokea vizuri: mstari ukibaki na kisanduku kimoja kisicho na X, umepata jibu. Magazeti yanayochapisha mafumbo pamoja na jedwali lililokwisha kuchorwa huwa yanatumia masharti ya namna hii. Kwa hiyo kabla ya kuamua, pitisha jicho uhesabu "si" na "ha-" ni ngapi dhidi ya "pamoja" na "ndiyo".

Hatua ya 3: Likistahili, lichore na pembe zake

Tuje kwa fumbo linalodai jedwali. Wauzaji wanne, Asha, Juma, Neema na Rashidi, wanauza vitafunio asubuhi. Vitafunio ni vya aina tatu: maandazi, vitumbua na chapati. Masharti ni haya:

Kila muuzaji anauza angalau aina moja.
Rashidi anauza aina mbili hasa.
Asha na Rashidi hawana hata aina moja wanayouza wote wawili.
Vitumbua vinauzwa na mtu mmoja tu.
Juma anauza aina nyingi kuliko Neema.

Dalili zote zipo. "Angalau", "hawana hata aina moja", "nyingi kuliko". Majina yanajirudia, na hatujui mara ngapi. Visanduku ni 12, na hakuna sharti linalotuambia vema zitakuwa ngapi.

Andika wauzaji kushuka chini na vitafunio kwenda kulia. Halafu, na hili ndilo wengi hulisahau, ongeza safu ya jumla upande wa kulia na mstari wa jumla chini. Masharti mengi ya mafumbo haya hayasemi nani anauza nini. Yanasema wangapi au ngapi. "Aina mbili hasa" ni habari ya pembeni, na "mtu mmoja tu" ni habari ya chini. Jedwali lisilo na jumla linazitupa habari hizo kabla mchezo haujaanza.

Anza na Rashidi, jumla yake ni 2. Asha hashiriki naye chochote, na aina ni tatu tu, kwa hiyo kwa Asha imebaki moja: ile asiyouza Rashidi. Kwa kuwa Asha lazima auze angalau moja, jumla yake ni 1. Hatujui bado ni ipi, ila tumepata kitu kikubwa zaidi: kila aina ya kitafunio inauzwa na mmoja wao, ama Asha ama Rashidi, na kamwe si wote wawili.

Shuka sasa kwenye safu ya vitumbua. Vinauzwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo lazima awe Asha au Rashidi. Basi Juma hauzi vitumbua, na Neema hauzi vitumbua. Weka X mbili. Hizo ni X zenye thamani. Hakuna sharti lililowataja Juma au Neema pamoja na vitumbua, na bila visanduku vyao zingekupita.

Kwa Juma na Neema zimebaki aina mbili, maandazi na chapati. Neema anauza angalau moja, na Juma anamzidi. Njia ni moja: Juma anauza zote mbili, Neema anauza moja. Jedwali sasa liko hivi:

| | Maandazi | Vitumbua | Chapati | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Asha | | | | 1 |
| Juma | ✓ | X | ✓ | 2 |
| Neema | | X | | 1 |
| Rashidi | | | | 2 |
| Jumla | 2 au 3 | 1 | 2 au 3 | 6 |

Mstari wa chini umejijaza wenyewe. Kila safu ina vema moja kutoka kwa Asha au Rashidi. Maandazi na chapati zina vema ya Juma pia, na moja kati ya hizo mbili ina ya Neema. Kwa hiyo moja inauzwa na watu watatu na nyingine na wawili. Vema zote ni 6.

Usiendelee kujaza kwa kubahatisha. Hapa ndipo unapoweka kalamu chini na kuhesabu yaliyobaki wazi: Neema ana njia mbili, Asha ana njia tatu, na Rashidi anamfuata Asha kinyume. Mbili mara tatu ni sita, basi kuna mipango sita tu duniani inayokubaliana na fumbo hili. Swali lolote litakaloulizwa ni swali la kuchagua ndani ya hiyo sita.

Jaribu. Je, ikiwa Neema na Asha wanauza kitu kilekile, nani anauza vitumbua? Neema hauzi vitumbua, kwa hiyo kitu chao ni maandazi au chapati. Asha ana kitu kimoja tu, basi vitumbua si vyake. Ni vya Rashidi. Hatukuhitaji kujua kama ni maandazi au chapati, na mtahini hakutaka tujue.

Jingine: ikiwa maandazi yanauzwa na watu wawili tu, Neema anauza nini? Wawili hao ni Juma na mmoja kati ya Asha na Rashidi. Neema hayumo. Anauza chapati.

Maswali ya "ikiwa" yasikufanye ufute jedwali. Liache la msingi lilivyo, na pembeni andika kipande kidogo chenye mistari iliyo wazi tu, yaani Neema na Asha. Ukianza kuandika majibu ya "ikiwa" ndani ya jedwali la msingi, swali la tatu litakukuta hujui kipi ni cha kweli siku zote na kipi kilikuwa cha swali la pili.

Hatua ya 4: Chagua mihimili kutokana na masharti yanayozungumzia nini

Mtu anaweza kuamua vizuri kwamba anahitaji jedwali kisha akachora jedwali lisilofaa. Majina dhidi ya makundi ni chaguo la kwanza linalokuja akilini, lakini angalia kwanza masharti yanahusu nini.

Mfano wa kale ni fumbo alilolitoa mwanahisabati Mwingereza Thomas Kirkman mwaka 1850. Wasichana 15 wa shule wanatembea kila siku kwa siku saba, watatu watatu kwa safu, na hakuna wawili wanaoruhusiwa kutembea safu moja zaidi ya mara moja. Ukichora wasichana dhidi ya siku hutapata chochote, maana kila msichana anatembea kila siku. Jedwali zima litajaa vema. Sharti linazungumzia jozi. Wasichana 15 wanafanya jozi 105. Kila siku kuna safu tano, kila safu ya watu watatu ina jozi tatu, hivyo siku moja inatumia jozi 15, na siku saba zinatumia 105 kamili. Jedwali linalofaa ni la wasichana dhidi ya wasichana, na kila jozi ikitumika inawekwa alama. Hesabu hiyo hiyo inakuambia kwamba hakuna jozi itakayobaki: kila msichana atatembea na kila mwenzake mara moja hasa.

Fumbo letu la chui, mbuzi na majani ni la makundi pia, ukilitazama vizuri. Makundi ni mawili, ng'ambo hii na ng'ambo ile, na masharti yanakataza chui kuachwa na mbuzi, au mbuzi kuachwa na majani. Wanaokwama hukwama kwa sababu wanawaza nani aishie wapi, ilhali wote wanaishia ng'ambo ile. Kinachobadilika ni safari. Chora mistari saba, mmoja kwa kila safari, na kwenye kila mstari uandike walioko huku na walioko kule. Safari ya nne, ile ya kumrudisha mbuzi alikotoka, inaonekana kama upuuzi mtu akiiwazia kichwani. Kwenye karatasi inaonekana kuwa njia pekee.

Halafu kuna mafumbo ambayo kila mtu ana sifa kadhaa, moja moja. Maarufu kuliko yote ni la pundamilia, lililotoka kwenye jarida la Life International Desemba 1962: nyumba tano mfululizo, kila moja na rangi yake, na mwenyeji wa taifa lake, mnyama wake, kinywaji chake na sigara yake. Mipango inayowezekana kabla ya kusoma masharti ni 24,883,200,000. Kwa fumbo hili kuna majedwali mawili ya kuchagua. La kwanza ni la ngazi, ambapo kila sifa inalinganishwa na kila sifa nyingine kwa vema na X. Ukihesabu na nafasi ya nyumba kama sifa ya sita, hilo lina visanduku 375. La pili lina nyumba kwenda kulia na sifa kushuka chini, visanduku 25, na ndani yake unaandika majina yenyewe badala ya alama.

Mimi huchukua la visanduku 25 bila kusita, na sababu ni ujirani. Fumbo linasema Mnorwe anaishi nyumba ya kwanza, maziwa yananywewa nyumba ya katikati, na Mnorwe anapakana na nyumba ya buluu. Kwenye jedwali la nyumba, mambo hayo matatu yanakaa mahali pake kwa sekunde kumi: Mnorwe kwenye 1, maziwa kwenye 3, buluu kwenye 2 kwa kuwa nyumba ya kwanza ina jirani mmoja tu. Kwenye jedwali la ngazi, "anapakana na" haina alama. Fumbo lisilo na mpangilio wa kushoto na kulia, lenye mafundi wanne, miji minne na mishahara minne, na masharti ya "fundi seremala hatoki Tanga", hilo ndilo la ngazi.

Hatua ya 5: Ukiona "akiingia, basi", weka jedwali kando

Aina moja ya fumbo la makundi haitaki jedwali kabisa. Ni ile ya kuchagua: watu tisa, kamati ya watano, na masharti yote yana sura ya "fulani akiingia, fulani haingii". Makundi ni mawili, ndani na nje, na masharti hayasemi nani yuko wapi. Yanasema nini kitatokea ikiwa.

Tuseme Zuhura akiingia, Omari haingii. Omari asipoingia, Pili anaingia. Ukichora jedwali la watu dhidi ya ndani na nje, utakaa na visanduku vitupu mpaka mwisho, kwa sababu hujapewa jibu la mtu yeyote. Andika mishale:

Zuhura ndani → Omari nje → Pili ndani

Papo hapo unasoma kwamba Zuhura akiingia, Pili anaingia. Na mnyororo unasomeka kinyume pia, kwa kugeuza kila kipande: Pili nje → Omari ndani → Zuhura nje. Usifanye kosa la kugeuza nusu. Pili akiwa ndani haikuambii lolote kuhusu Omari; Omari anaweza kuwa ndani pamoja naye na hakuna sharti lililovunjwa.

Masharti manne au matano ya namna hii hushikana kuwa mnyororo mmoja au miwili, na maswali mengi yanajibika kwa kufuata kidole. Safu za "ndani" na "nje" zina kazi ndogo ya kuhesabu nafasi: kamati ni ya watano, kwa hiyo nje wako wanne, na mtu wa tano akitaka kutoka mnyororo umevunjika mahali fulani.

Hatua ya 6: Jua wakati wa kuliacha

Kuchora jedwali si kufunga nalo ndoa. Kuna mafumbo yanayolidai mwanzoni, kisha hoja moja inaligeuza kuwa kitu kidogo zaidi. Jipime na hili.

Zahanati ina wauguzi wanne: Pendo, Salma, Tatu na Wema. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kila siku wanakuwa zamu wauguzi wawili hasa. Hakuna anayekuwa zamu siku mbili mfululizo. Pendo ana zamu nyingi kuliko Salma. Je, Tatu na Wema wanaweza kuwa zamu pamoja?

Jumlisha nafasi: siku tano kwa watu wawili ni 10, na wauguzi ni wanne. Wanajirudia. Jedwali, basi: majina manne kwa siku tano, visanduku 20, na jumla pembeni na chini. Mpaka hapo umefuata hatua zote.

Sasa tazama Jumatatu na Jumanne. Wawili walio zamu Jumatatu hawawezi kuwa zamu Jumanne, na Jumanne inataka wawili. Wamebaki wawili hasa, basi ni hao. Jumatano, wa Jumanne hawawezi. Wanarudi wale wa Jumatatu. Alhamisi wanarudi wa Jumanne, Ijumaa wa Jumatatu. Visanduku 20 vimekuwa swali moja: nani yuko kwenye jozi ya siku tatu, na nani kwenye jozi ya siku mbili? Hilo ni fumbo la safu, kila mtu mahali pamoja, nafasi nne kwa majina manne. Acha jedwali, andika:

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: __ __
Jumanne, Alhamisi: __ __

Pendo ana zamu nyingi kuliko Salma, kwa hiyo Pendo yuko juu na Salma yuko chini. Kila safu imebakiza nafasi moja. Tatu akienda juu Wema anakwenda chini, au kinyume chake. Mipango ni miwili tu, na katika wote wawili Tatu na Wema hawakutani zamu hata siku moja.